Malhamu ya antibayotiki kwa vidonda vya ngozi: maswali tunayoulizwa dukani kila siku

Maswali haya ni ya watu wanaofika kwenye dirisha la duka la dawa hapa Pemba, wengi wao wakiwa na tyubu mkononi ambayo tayari wameshaanza kuitumia. Tumeyaacha kama yanavyoulizwa. Watu wawili wasisubiri kumaliza kusoma: mwenye kisukari aliyepata kidonda cha mguu, na mzazi wa mtoto aliye chini ya miezi mitatu aliyeota vipele vya usaha. Hao waende hospitali leo.

Malhamu ya antibayotiki inatibu nini hasa?

Mambo machache kuliko watu wanavyodhani. Kazi yake ni kuua au kuzuia bakteria walio juu ya ngozi, tena katika eneo dogo. Mtoto kaumwa na mbu, kajikuna, pakaanza kutoa maji na kufanya vigaga: hapo inafaa. Vinyweleo viwili vitatu vilivyofura kidevuni baada ya kunyolewa: inafaa. Mara nyingi wahusika ni bakteria waitwao stafilokokasi na streptokokasi. Stafilokokasi hukaa hata puani mwa mtu asiyeumwa chochote, wakingoja ngozi ichubuke.

Haiui fangasi. Haiui wadudu wa upele. Haina habari na virusi vya tetekuwanga wala mkanda wa jeshi. Na ndani ya jipu haifiki.

Zipo aina nyingi. Nichukue ipi?

Zinazoonekana zaidi madukani ni mupirosini ya asilimia 2, asidi ya fusidi ya asilimia 2, jentamaisini, na mchanganyiko wa neomaisini na basitrasini ambao huja pia kama unga. Kwenye tyubu majina haya yameandikwa kizungu, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua. Kwa vidonda vidogo vya vigaga, mbili za mwanzo ndizo zenye ushahidi mzuri zaidi. Neomaisini ina tabia ya kuwaletea baadhi ya watu mzio: pahala pakaanza kuwasha na kuota malengelenge, mtu akadhani kidonda kinazidi, akaongeza dawa ileile. Tena haifai kupakwa eneo kubwa lililochubuka, hasa kwa mtoto, kwa sababu ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kudhuru masikio na figo.

Usichague kwa rangi ya boksi, wala kwa kuwa jirani alipona nayo. Eleza kidonda, au kionyeshe.

Mwanangu ana vidonda chini ya pua na pembeni mwa mdomo, vina vigaga vya rangi ya asali. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ambalo malhamu hii iliumbiwa, basi tulijibu taratibu.

Kwanza osha mikono yako kwa sabuni. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweke kwenye maji vuguvugu, kikamue kidogo, kisha kiweke juu ya vigaga kwa dakika tano mpaka kumi. Mtoto atalalamika, mpe kitu cha kushika. Vigaga vikishalainika, paoshe kwa sabuni ya kawaida ya kipande na maji ya mfereji, ukifuta polepole. Kinachotoka kitoke, kilichokataa kiache, usikibandue kwa kucha. Watu wengi huipaka dawa juu ya kigaga kikavu, nayo hubaki hukohuko juu huku bakteria wakiendelea na shughuli zao chini.

Kausha kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Minya dawa kidogo tu kwenye ncha ya kidole safi au kijiti cha pamba, isizidi punje ya kunde kwa kidonda cha ukubwa wa shilingi. Mdomo wa tyubu usiguse kidonda. Paka utando mwembamba mpaka nje kidogo ya ukingo wa kidonda, kisha osha mikono tena. Kupaka rundo jeupe hakuponyeshi haraka, kunamaliza tyubu na kukusanya vumbi.

Kile kitambaa kisirudi kwenye kamba pamoja na mataulo ya nyumba. Kifue kwa maji ya moto na ukianike juani. Mtoto awe na taulo lake na dodoki lake, akatwe kucha, na alale peke yake ikiwezekana. Skuli na chuoni (madrasa) asiende mpaka vidonda vikauke, au zipite saa 48 tangu aanze dawa. Watoto wa chuoni hukaa bega kwa bega kwenye mkeka mmoja, na vidonda hivi huhama kwa kugusana.

Vikiwa vidonda vingi, vimesambaa mikononi na miguuni, au vimekuwa malengelenge makubwa yenye maji, malhamu haitoshi. Daktari ataangalia kama anahitaji dawa ya kunywa.

Nipake mara ngapi, na kwa siku ngapi?

Kwa kawaida mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku tano hadi saba, kama ulivyoelekezwa na kama karatasi ya ndani inavyosema. Mupirosini haitumiki zaidi ya siku kumi. Anayepaka mara tatu tunamwambia afuate sala: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri, baada ya Isha. Hilo halisahauliki kama "kila baada ya saa nane".

Kidonda kikionekana kimepona siku ya pili, endelea mpaka siku ulizopewa zitimie. Zikitimia, acha, hata kama tyubu bado ina dawa.

Na udhu je? Mafuta hayazuii maji?

Ndiyo maana tunasema paka baada ya kusali, si kabla. Wakati wa kutawadha unaliosha eneo, unasali, halafu unapaka, na kuosha kidonda kwa maji safi ni sehemu ya matibabu. Kidonda kilichofungwa bendeji na kisichotakiwa kulowa kina hukumu yake ya kupangusa juu ya bendeji. Sheikh wako atakueleza vizuri kuliko muuza dawa.

Nimefunga Ramadhani. Malhamu inafunguza?

Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitaja krimu, malhamu na plasta za dawa zinazopenya kwenye ngozi miongoni mwa vitu visivyobatilisha saumu. Mwenye wasiwasi bado anaweza kupaka usiku na kabla ya alfajiri, lakini aseme mapema ili apewe dawa ya mara mbili kwa siku.

Nina krimu ya "mchanganyiko", inatibu kila kitu. Kwa nini mnanikataza?

Kwa sababu hiyo ndiyo tyubu inayotuletea kazi nyingi kuliko zote.

Igeuze usome viambato. Utakuta antibayotiki, mara nyingi jentamaisini au neomaisini, utakuta dawa ya fangasi, na utakuta jina jingine kama betamethasoni, deksamethasoni au klobetasoli. Hilo la tatu ni steroidi. Kazi yake ni kutuliza: wekundu unaondoka, muwasho unakatika, na siku mbili za mwanzo mtu anaamini kapata dawa ya ajabu. Kumbe steroidi imeituliza ngozi isipigane, na kilichokuwepo kinaendelea kutambaa.

Tuchukue choa. Kwa kawaida ni duara lenye ukingo uliopanda na magamba, katikati pamepoa, mtu yeyote wa afya analitambua kwa kuliona. Likipakwa mchanganyiko kwa wiki kadhaa, ukingo unafutika, duara linapoteza umbo, linaenea mapajani au shingoni, na linapofika kwa daktari halifanani tena na choa. Ukiacha krimu linawaka upya. Unarudi dukani, unanunua tyubu nyingine, na mwezi unaofuata tunaonana tena.

Ikitumika muda mrefu, steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa ikaonekana, na kuacha michirizi isiyoondoka, hasa usoni, kwapani na kinenani. Wanaoinunua ili ing'arishe uso wanajijua. Hatuwasemi mbele za watu, ila uso wa namna hiyo ukipata kidonda kinapona kwa shida.

Kuna wagonjwa ambao daktari huwaandikia mchanganyiko kwa sababu maalumu na kwa siku chache. Kama hukuandikiwa, iache.

Jipu je? Nikipaka linaiva haraka?

Haliivi kwa malhamu. Usaha umezingirwa ndani, dawa iko nje, havikutani. Jipu dogo likandwe kwa kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika, dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku, mara nyingi litafunguka lenyewe. Kubwa, linalouma sana au lenye homa hupasuliwa na mtaalamu kwa kifaa safi. Usilitumbue kwa mwiba wa mlimau, na lililoota usoni karibu na pua na mdomo wa juu usilikamue kabisa: mishipa ya damu ya hapo ina njia ya kwenda ndani ya kichwa.

Mtu anayetoka majipu kila mara apime sukari.

Nyumba nzima tunajikuna usiku, na watoto wana vidonda katikati ya vidole.

Huo una dalili zote za upele, na vidonda ni matokeo ya kujikuna. Ukitibu vidonda kwa malhamu na kuuacha upele, vitarudi. Dawa ya upele, kama benzili benzoeti au pemethrini, hupakwa mwilini na watu wote wa nyumba siku ileile moja, hata asiyewashwa, na mashuka na nguo hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa. Kiasi cha watoto wadogo ni tofauti, uliza kabla. Malhamu ya antibayotiki inakuja kama msaidizi kwa vile vidonda vichache vilivyoingia usaha.

Nilipakwa piko harusini, sasa ua lote limevimba na kutoa malengelenge. Ni bakteria?

Ukiona malengelenge yamefuata mchoro, jani kwa jani, huo ni mzio. Hina halisi huacha rangi ya kahawia iliyokolea. Weusi wa piko hutokana na rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD ambayo ngozi ya baadhi ya watu huichukia, siku chache au hata wiki mbili baada ya kupakwa. Malhamu ya antibayotiki haiutibu mzio, na yenye neomaisini inaweza kuongeza mzio juu ya mzio. Osha kwa maji baridi, usitumbue, nenda kituo cha afya. Hapa ndipo mtaalamu anaweza kuamua kutumia steroidi, kwa nguvu na siku anazozijua yeye. Halafu usirudie piko maisha yako yote, na rangi nyeusi ya nywele uiogope vilevile, kwa kuwa mara ya pili huwa kali zaidi.

Nimejikata kidogo jikoni. Nipake ili kisiingie wadudu?

Hakuna haja. Osha kwa maji mengi na sabuni, zuia damu, paka mafuta ya mgando kutoka kichupa safi na ufunge plasta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996, kwa wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, ulilinganisha mafuta ya mgando na malhamu ya basitrasini. Walioambukizwa walikuwa wachache pande zote mbili bila tofauti ya maana, na waliopata mzio walikuwa upande wa basitrasini.

Kisu kilichokuwa na udongo, msumari au bati ni habari nyingine: uliza chanjo ya pepopunda.

Mimi ni mkulima wa mwani, miguu inakatwa na mawe na makombe kila bamvua.

Usitegemee maji ya bahari kukuoshea kidonda, ingawa wengi tumelelewa hivyo. Bahari ina bakteria wake, na baadhi yao malhamu hizi haziwawezi. Ukitoka majini osha kwa maji baridi safi na sabuni, toa mchanga na vipande vya kombe vinavyoonekana, kausha. Malhamu ni kwa mchubuko uliokwisha anza kutoa maji ya njano. Mkato wa kina, au uliobaki na kipande ndani, haufungiwi dawa juu, unakwenda kusafishwa. Viatu vya mpira vinasaidia kuliko tyubu yoyote tunayouza, na tunajua ni ghali.

Aliyechomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa atie mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, mtu mwingine akiyapima kwanza kwa mkono wake, mpaka maumivu yapungue, kisha aende hospitali. Hilo si la malhamu.

Nikifungua kidonge cha rangi mbili nikamwaga unga kidondani, si antibayotiki ileile?

Dawa ya kumeza imetengenezwa ipitie tumboni. Unga wake kidondani haujulikani kipimo, una viambato vingine vya kujazia, unaganda na uchafu kuwa tope, na unaweza kukuachia mzio utakaokuzuia kutumia dawa hiyo siku utakapoihitaji kweli. Jivu, dawa ya meno, mafuta ya taa na unga wa betri navyo viachwe. Aliyeungua apoze kwa maji ya mfereji yanayotiririka kwa dakika 20, kisha afunike kwa kitambaa safi. Asipake kitu.

Kitovu cha mtoto mchanga tukipake malhamu?

La. Kisafi, kikavu, na nepi ikunjwe chini yake. Hapa Pemba kwenyewe, kuanzia 2011 mpaka 2014, watoto wachanga zaidi ya 36,000 waliingizwa katika utafiti wa kupaka kitovu dawa ya klorheksidini. Matokeo yaliyochapishwa 2016 hayakuonyesha upungufu wa vifo ulio wazi ukilinganisha na kukiacha kikavu. Ikiwa dawa ya kusafishia ya maana namna ile haikuleta tofauti hapa kwetu, malhamu ya kujinunulia haina hoja. Kitovu kinachonuka, kinachotoa usaha au kilichozungukwa na wekundu ni cha hospitali saa hiyohiyo.

Ninayo tyubu ya macho ya tetrasaiklini. Naweza kuipaka kidondani?

Ya macho ina asilimia 1, imetengenezwa kwa usafi wa hali ya juu kwa ajili ya jicho. Ikishagusa kidonda isirudi jichoni tena, hata kama ni kidonda cha mtu huyohuyo. Na kinyume chake ni hatari zaidi: tyubu ya ngozi haiingii jichoni. Chokea ya kope ikandwe kwa maji ya moto.

Mjamzito na anayenyonyesha wanaruhusiwa?

Eneo dogo kwa siku chache, kwa kawaida hakuna tabu, ila aseme hali yake kabla ya kupewa. Chuchu iliyopasuka isipakwe bila kuonekana na mkunga, kwa kuwa mtoto ataimeza.

Nimepaka siku tatu sioni nafuu.

Basi usinunue tyubu ya pili. Ama si bakteria, ama bakteria hao dawa hii hawaisikii, ama maambukizi yako chini zaidi ya inapofika malhamu.

Usingoje hata siku tatu ukiona haya: eneo linalozidi kuenea na kuwa la moto, maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, michirizi inayopanda kutoka kwenye kidonda, homa, jicho linalovimba, mtoto aliyelegea na kukataa kula. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia weusi uliokolea au unaong'aa kwa kuvimba, na ulinganishe joto kwa mgongo wa mkono upande huu na ule. Chora mstari wa kalamu kuzunguka ukingo. Ukivukwa, ondoka uende hospitali.

Jambo moja linalosahaulika: wiki tatu mpaka sita baada ya vidonda vya streptokokasi kupona, mtoto mmoja mmoja huamka na uso uliovimba na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Hizo ni figo. Mtaje kidonda kile kwa daktari, hata kama kovu lenyewe limeshafutika.

Kwa nini mnauliza maswali mengi badala ya kuniuzia tu?

Bakteria wanaozoea dawa hawarudi nyuma kirahisi, na asidi ya fusidi na mupirosini zote zimeshapata wanaozishinda katika nchi zilizozitumia ovyo. Mupirosini ina kazi nyingine hospitali, kusafisha pua za wagonjwa wanaobeba stafilokokasi kabla ya upasuaji. Ikichezewa kwa kila kipele cha harara, siku ya kuihitaji haitasaidia. Na harara, tukishaigusa, inatibiwa kwa kuoga, nguo nyepesi na upepo.

Dawa iliyobaki niiweke wapi?

Tyubu nyingi zinataka joto lisilozidi nyuzi 25 au 30, soma boksi. Chini ya bati saa saba mchana hapafai, wala ndani ya gari, wala kwenye kikapu cha ngalawani. Kabati la chumba chenye kivuli linatosha, mbali na watoto. Andika kwa kalamu tarehe uliyofungua. Usimwazime jirani, kwa sababu mdomo wa tyubu umeshakaribia kidonda chako. Malhamu nyingi zina mafuta ya mgando, na nguo au bendeji iliyolowa mafuta hayo hushika moto upesi, basi anayepika kwa kuni au makumbi aangalie.

Unaponunua, angalia kifuniko kiwe hakijatobolewa, tarehe ya mwisho isomeke, na duka liwe limesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Tyubu ya kwenye meza ya sokoni, iliyoshinda juani pamoja na vitana na betri, hata ikiwa nusu bei, usiinunue. Iliyopita tarehe turudishie dukani tuipeleke inakotakiwa kuteketezwa, usiitupe jaani wanakochezea watoto.